Chozi wa Milima ya Gusii na Ua Lililobaki Uani

Watu wa Madina walikuwa wakulima wa tende tangu kabla ya Uislamu, na miongoni mwa kazi zao za kila mwaka ilikuwa ni kuchukua unga wa maua ya mtende dume na kuutia katika mashada ya mtende jike ili yazae. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwapitia wakiifanya kazi hiyo akaeleza kuwa hakuidhania kuwa na faida. Wakaiacha, na mavuno yao yakapungua. Habari ilipomfikia, aliwabainishia kwamba katika mambo ya dunia yao wao ndio wajuzi zaidi. Maulamaa wameifungulia hadithi hii milango mipana ya elimu, nasi hatutaingia huko leo. Tunalolitaka ni jambo dogo lililomo ndani yake: kwamba iko mimea ambayo haizai mpaka ipate mjumbe.

Unga ule ndio uitwao chavua. Mahindi yanamtegemea mjumbe wa upepo, na katika Surat al-Hijr pepo zimetajwa kwa sifa hiyo ya kupandisha. Maboga yanamtegemea nyuki. Lakini iko mimea mingine ambayo Mwenyezi Mungu ameipa mjumbe mwenye manyoya na mdomo uliopinda kama sindano ya mshona mikeka. Huyo ni chozi, na hapa tutamzungumzia chozi wa nchi ya Wagusii, katika kaunti za Kisii na Nyamira, ambako tulikwenda kuwazuru ndugu zetu Waislamu wa mji wa Kisii, wakiwemo Wanubi waliokaa mji huo tangu zama za ukoloni.

Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu hana haja ya kuelezwa chozi ni nani. Ni yule ndege mdogo, asiyefika gramu 10 kwa aina nyingi, anayezunguka mkomamanga asubuhi akilia kwa sauti kali isiyolingana na umbo lake. Dume hung'aa akipigwa na jua: mara kijani, mara zambarau, mara mweusi kabisa akiingia kivulini, maana rangi ile ya kung'aa haimo katika wino wa unyoya bali inatokana na namna unyoya unavyouvunja mwanga. Jike aghalabu ni wa rangi ya majivu au manjano hafifu, na wengi humdhania kuwa ndege mwingine. Jamaa zao wameenea Afrika yote iliyo kusini ya Sahara, na Asia, hadi Australia. Wenye ndugu Omani wamewaona huko. Yuko pia chozi wa Palestina, anayekaa vilevile Hijazi na Yemeni, ambaye mwaka 2015 Mamlaka ya Palestina ilimtangaza kuwa ndege wa taifa lao.

Katika milima ya Gusii tuliwakuta wakubwa kuliko tuliowazoea. Yupo chozi wa rangi ya shaba, ambaye dume lake lina manyoya mawili marefu katikati ya mkia. Kwa mbali ni mweusi, na akigeuka juani hubadilika kama birika la shaba lililosuguliwa. Yupo mwenye kidari chekundu, mwili wake mweusi kama mahameli. Na yupo mdogo mwenye tumbo la manjano, ambaye hupatikana karibu kila bustani yenye maua.

Nchi yenyewe ni ya kupanda na kushuka. Kutoka mji wa Kisii kwenda Keroka, au kutoka Nyamira kwenda Kebirigo, gari halipati kilomita moja ya tambarare. Mvua hunyesha takriban miezi yote, na kwa mwaka hupita milimita 1,500. Sisi tuliozoea kungoja kaskazi na kusi tulistaajabu kuona udongo usiokauka. Kila kilima kimevikwa chai, migomba, mahindi na mikaratusi, mpaka juu kabisa. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 katika kilomita za mraba zipatazo 1,300, yaani zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita moja ya mraba, na Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Huku si mjini, ni shamba. Hakuna pori la kusema kuwa hapa ndipo wanyama na ndege wanapokaa na pale ndipo wanapokaa watu.

Basi chozi anaishi wapi, na anafanya kazi gani?

Jibu la kwanza tulilipata katika mti mmoja. Pwani tunauita mwamba ngoma, na Wagusii huuita omotembe. Gome lake ni nene lenye mipasuko na miiba, na mbao yake laini na nyepesi hufaa kuchongwa ngoma, mizinga na vigoda. Wakati wake ukifika hupukutisha majani, kisha juu ya matawi matupu huchomoza maua mekundu yaliyosimama wima kama mienge. Mtu huuona mti huo kutoka kilima cha pili. Ndege pia huuona, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Tuyatazame maua hayo kwa makini, kwa kuwa kila kitu chake kina sababu. Ni mekundu, na macho ya nyuki hayaioni rangi nyekundu vizuri, ilhali macho ya ndege huiona sana. Hayana harufu ya kutajika, kwa kuwa chozi hatafuti chakula kwa pua. Mbochi yake, yaani ule utamu ulio chini ya ua, ni nyepesi kuliko ile wanayoipenda nyuki, na hukaa ndani kiasi cha kumlazimu anayeitaka auingize mdomo. Chozi hutua juu ya kikonyo, akainama, akaingiza mdomo wake na kuupeleka ulimi wake mrefu uliojikunja mfano wa mrija. Wakati akinywa, nyuzi za ua zilizobeba chavua humgusa kooni na kidarini. Haangaliki na hilo. Anaruka hadi ua jingine, au mti mwingine, na ile chavua aliyoibeba bila kujua hufika kwenye sehemu ya kike ya ua la pili. Ujumbe umefika, na mjumbe hakujua kuwa alitumwa.

Akiba ya kila ua ni ndogo mno, nayo ni hekima. Lau ua moja lingemshibisha, angekaa hapo mpaka jioni na mti usingezaa.

Upande wa pili wa njia, kando ya mashamba, humea mmea wa kimo cha mtu ambao maua yake ya rangi ya chungwa hulizunguka shina kwa mafundo, fundo juu ya fundo kama ngazi za mnara. Hapo mambo hugeuka: ua limepinda kwa kadiri ya mdomo wa chozi, na nyuzi zake zimekaa juu, hivyo chavua humpaka utosini. Tulimwona dume mmoja utosi wake ukiwa umegeuka manjano kana kwamba amevaa kofia. Na juu ya matawi ya miti mikubwa huota mimea ile inayonyonya miti mingine, ambayo baadhi yake haifungui maua yake kabisa mpaka ndege auminye ule mdomo wa kichanga cha ua. Papo hapo hupasuka na kumrushia chavua usoni. Nyuki anaweza kuzunguka hapo kutwa bila kufunguliwa.

Wala sisi wa pwani tusidhani kuwa haya ni ya wenzetu wa bara pekee. Muia, ule mkoko wenye kikombe chekundu cha ua unaokatwa boriti Lamu, nao maua yake hupasuka hivyohivyo akiguswa na ndege, na chozi ni miongoni mwa wanaomhudumia. Mwenye nyumba iliyoezekwa kwa boriti za muia ana deni dogo kwa ndege huyu.

Swali ambalo kila mkulima wa Kisii hutuuliza, na ni haki yake kuuliza, ni hili: ndege huyu ananiletea nini? Hapa tunapenda kusema kweli, kwa sababu watetezi wa mazingira wakati mwingine hutia chumvi mpaka chakula hakiliki. Chai huchumwa jani, si tunda, hivyo haina haja naye. Mahindi ni ya upepo. Maharagwe hujitosheleza yenyewe. Parachichi huhudumiwa zaidi na nyuki na nzi, na karakara na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Ama ndizi, ambazo Kisii imepata sifa kwazo Kenya nzima, chozi huning'inia kwenye mkungu akinywa mbochi ya maua yake kutwa nzima, na ndizi haimhitaji hata kidogo, kwa kuwa ndizi tunazokula hujaa bila kuchavushwa wala kuwa na mbegu. Pale chozi ni mgeni anayekula bila kuchangia. Na wako pia wanaoiba waziwazi: ua likiwa refu kuliko mdomo wake, chozi hulitoboa ubavuni karibu na shina, akanywa na kwenda zake pasi na kugusa chavua.

Kwa hivyo asiyetaka ila hesabu ya shilingi atafunga daftari hapa. Lakini amana ya chozi haiko katika chai wala ndizi. Iko katika miti na vichaka ambavyo havikupandwa na mtu: mwamba ngoma unaorutubisha udongo kwa majani na mizizi yake, mimea ya dawa za kienyeji, vichaka vinavyoshika kingo za vijito visiporomoke kuingia Mto Gucha. Asubuhi za Nyamira ni za baridi na aghalabu za manyunyu, na nyuki hawatoki mzingani mpaka jua lipate nguvu. Chozi hutoka. Mmea ulioweka tumaini lake kwake hauna wa kumweka badala yake.

Ndipo tunapolifikia jambo lililotushughulisha. Kiswahili kimeyapa majina sawa mambo mawili: ua la mmea, na ua wa nyumba. Katika nchi ya Gusii mambo haya mawili yamekuwa moja, kwani ua la porini limebaki katika ua wa mkulima, na karibu kwingine kote limekwisha. Mashamba hugawanywa kwa wana wa kiume, kisha kwa wana wa wana, mpaka mwenye shamba leo hana ila ukanda unaoanzia barabarani juu ya kilima na kuishia mtoni bondeni. (Kuhusu mirathi ya mabinti tungekuwa na neno refu, ila si mahali pake.) Kila mgawanyo huleta mpaka mpya, na kila mpaka hutaka alama. Zamani alama hiyo ilikuwa miti na vichaka. Siku hizi wengi huvikata, wakaweka seng'enge, au safu ya misaipresi iliyokatwa sawasawa mfano wa ukuta, ambayo haitoi ua hata moja la kumfaa chozi. Sababu zao si za kipuuzi. Mti wa mpakani hutia kivuli shamba la jirani na mizizi yake haijui mipaka, na ugomvi wa mipaka huko umevunja udugu wa watu wa tumbo moja. Seng'enge haina kivuli.

Na chini mtoni mna mikaratusi. Tuwe waadilifu kwa mti huu pia: umelipa karo za watoto wengi, umejenga nyumba, na huuzwa kuwa kuni, hata kwa viwanda vya chai. Maua yake nayo hunyweka. Lakini hunywa maji kwa pupa, na chini yake hakuoti kichaka cha maana. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo na kingo za maji ing'olewe. Tulipita bonde baada ya bonde na kuiona ingali imesimama, miguu yake ikiwa mtoni. Agizo la Nairobi ni jepesi. Kumwambia mjane akate mti atakaouza Januari ni jambo zito.

Hata hivyo iko habari moja ya kutia moyo, na imetoka kwa watu waliomchunguza ndege huyu wakiwa na saa mkononi. Wataalamu wawili wa Kimarekani, Frank Gill na Larry Wolf, walimfuatilia katika nyanda za juu za Kenya chozi mwenye mbawa za dhahabu, akinywa kwenye maua yale ya chungwa ya mafundo mafundo, nao wakatoa matokeo yao mwaka 1975. Ndege huyu hujitengea eneo na kuwafukuza wenzake. Walipoyapima maeneo hayo waliyakuta yametofautiana sana kwa ukubwa: mengine madogo kama ukumbi wa nyumba, mengine mapana mara nyingi zaidi. Walipohesabu maua, hesabu zikakaribiana, yapata 1,600 kwa kila ndege, kadiri ya kumtosha kwa siku. Tena hakulinda kwa ubishi: maua yakiwa haba asingepata faida ya kupigana, na yakiwa tele hakuwa na haja ya kupigana.

Maana yake ni kwamba chozi hapimi ekari. Anahesabu maua. Kwa tembo au simba, nchi yenye watu 950 kwa kilomita ya mraba imekwisha kazi. Kwa chozi haijaisha. Mashamba yakizidi kugawanywa mipaka nayo inazidi kurefuka, na ikiwa mipaka hiyo ni ya miti yenye maua, ndege huyu anaweza kupata riziki yake juu ya vichwa vya watu bila kumnyima mtu shimo moja la mahindi. Ikiwa ni ya waya, hapati kitu. Jambo lake lote limesimama kwenye ukanda wa hatua mbili kati ya jirani na jirani.

Tulipolieleza hili baada ya darsa ya alasiri, mzee mmoja alitukumbusha hadithi aliyoipokea Anas bin Malik, nayo imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Akaongeza, na hili ni lake, kuwa ndege ametajwa hapo pamoja na mtu, na kwamba chozi halii tunda lake, anakunywa ua tu, hivyo mwenye mti hata hapungukiwi.

Yako mambo mawili mengine tuliyoyaona, na tunayaandika kwa ajili ya nyumba za pwani kadhalika. La kwanza ni viota. Jike la chozi husuka kiota kama mfuko unaoning'inia kwenye ncha ya tawi, mlango ubavuni, akikifunga kwa nyasi na utando wa buibui, na aghalabu hutaga yai moja au mawili tu. Makinda hayalelewi kwa mbochi pekee. Hulishwa wadudu wadogo na buibui ili wajenge mwili. Kwa hiyo dawa inayopuliziwa mboga asubuhi haimwui kiwavi peke yake, na mwenye kufagia tandabui zote za kibarazani humwondolea fundi uzi wake. Na watoto wa manati wana hesabu yao. Amesimulia Abdullah bin Mas'ud, katika Sunan ya Abu Dawud, kwamba maswahaba wakiwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege mdogo, mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume akauliza ni nani aliyemtia huzuni kwa kumchukulia wanawe, akaamuru warudishwe. Mtoto anayesoma madrasa anapaswa kukijua kisa hiki kabla ya kuijua manati.

La pili ni tahadhari: mbegu za mwamba ngoma ni nyekundu na za kupendeza, na wasichana huzitunga shanga, lakini zina sumu. Mwenye watoto wadogo asiuache mti huo umwage mbegu mahali wanapochezea. Nafasi yake ni mpakani.

Kuupanda si kazi. Hautaki kitalu wala mbegu ya dukani. Tawi nene likikatwa na kuchomekwa ardhini wakati wa mvua hushika mizizi, na ndiyo maana katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hutumika kuwa nguzo hai za ua, seng'enge ikapigiliwa juu yake kwa asiyetaka kuiacha. Shambani kwa ndugu mmoja karibu na Ogembo tulionyeshwa mpaka wa namna hiyo. Yeye na jirani yake, ambaye si Mwislamu, walikuwa wameshtakiana kwa chifu kwa sababu ya msaipresi uliotia kivuli chai. Waliukata, wakachomeka matawi saba ya omotembe waliyoyaomba kwa shangazi wa jirani huyo, wakakubaliana kuyapunguza kila baada ya mavuno na kugawana majani kwa mbolea. Matano yalikuwa yamechipua. Mawili yalikuwa makavu, na jike la chozi, maadamu hakukuwa na ua bado, alikuwa ametua juu ya mojawapo akivuta utando wa buibui.